Kabla ya Kuifuta Antivirusi, Iulize Inasoma Nini

Malalamiko hufanana. Kompyuta ikiwashwa tu feni inavuma, kivinjari kinachukua dakika nzima kufunguka, na mwenye mashine akienda kwenye Task Manager anaikuta Antimalware Service Executable, ambayo ni antivirusi ya Windows yenyewe (Microsoft Defender), au jina la antivirusi aliyoinunua, limekaa juu kabisa ya orodha. Hukumu inatoka papo hapo: mchawi kapatikana, afutwe. Mara nyingine hukumu hiyo ni ya haki. Lakini katika kompyuta nyingi za nyumbani zinazoletwa kwa mafundi, antivirusi inayoonekana kuila mashine huwa imetwishwa kazi na kitu kingine. Ukiifuta bila kukijua kitu hicho, uzito utarudi kwa jina jingine.

Antivirusi haikai pembeni ikisubiri kuitwa. Inaweka draiva yake, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi ndani kabisa ya mfumo, katikati ya njia ambayo kila faili lazima ipite. Programu ikiomba kufungua faili, ombi linashikiliwa, injini ya ukaguzi inaisoma faili, inailinganisha na alama za virusi vinavyojulikana, pengine inaiendesha kidogo katika mazingira ya kuigiza, ndipo ruhusa inatoka. Kwa faili moja hilo ni jambo la kufumba na kufumbua. Kwa programu inayofungua faili elfu ishirini wakati wa kuanza, gharama hiyo inalipwa mara elfu ishirini. Injini nyingi hukumbuka faili zilizokwisha kukaguliwa na ambazo hazijabadilika, kwa hiyo safari ya pili huwa nyepesi. Ndiyo maana mashine huwa nzito siku ile antivirusi mpya inapowekwa, kisha hutulia. Usiihukumu siku ya kwanza. Iache kompyuta imechomekwa kwenye umeme, imewashwa, haitumiki, mpaka imalize mzunguko wake wa kwanza.

Swali la mwanzo kabisa ni hili: ziko ngapi? Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika:

fltmc filters

Utaona orodha ya draiva zilizojipanga juu ya mfumo wa faili, kila moja na namba yake kwenye safu ya Altitude. Draiva za antivirusi zimetengewa namba kati ya 320000 na 329999. WdFilter yenye 328010 ni ya Microsoft Defender, na kuiona si tatizo. Kampuni moja pia inaweza kuwa na draiva zaidi ya moja, hilo nalo ni la kawaida. Tatizo ni kukuta humo majina ya kampuni mbili tofauti, au la kampuni ambayo ulidhani uliiondoa mwaka jana.

Hali hiyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyofikiri, na mara chache mtu huiweka antivirusi ya pili kwa makusudi. Ya kwanza ilikuja na kompyuta kama toleo la majaribio, muda wake ukaisha, ikabaki. Ya pili iliingia ikiwa imejibanza ndani ya programu nyingine iliyopakuliwa, kwenye kile kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki. Ya Windows yenyewe haina ugomvi: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Defender ni antivirusi kamili, na antivirusi nyingine ikijiandikisha kwenye kituo cha usalama cha mfumo, Defender hujiweka kando bila kuambiwa. Antivirusi mbili za nje hazina adabu hiyo. Ya kwanza inafungua faili ili iikague. Ya pili inaona faili imefunguliwa, nayo inaikagua. Ya kwanza inaona kuna aliyeigusa tena. Zaidi ya hapo, kila moja inaweza kuziona alama za virusi zilizohifadhiwa na mwenzake, au karantini yake (mahali inapozifungia faili ilizozishuku), kuwa ni virusi vyenyewe. Ikifika mahali zote mbili zinasubiriana, mshale wa kipanya utasogea lakini hakuna dirisha litakalofunguka.

Kuondoa antivirusi kuna mpangilio wake, na wengi hukosea kwa kuanzia katikati. Kampuni karibu zote kubwa zina programu ndogo ya kusafisha mabaki yao. Ipakue hiyo kwanza, kutoka tovuti ya kampuni husika, kabla hujagusa chochote, kwa sababu antivirusi huwa na draiva ya mtandao pia, na ikiondoka vibaya intaneti huondoka nayo. Kisha iondoe antivirusi kwa njia ya kawaida kwenye Settings, Apps. Baada ya hapo chagua Restart, si Shut down. Windows 10 na 11 kwa kawaida huzima kwa mtindo wa Fast Startup: kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski pamoja na draiva zake, kisha kinarudishwa hivyo hivyo asubuhi. Mtu anazima, anawasha, anaapa amewasha upya, na draiva ile ile bado iko. Rudia fltmc filters. Jina likiwa bado lipo, ingia Safe Mode, hali ambayo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, na uendeshe ile programu ya kusafisha. Kama intaneti imekatika, andika netsh winsock reset kwenye Command Prompt ya msimamizi, uwashe upya.

Usiingie System32\drivers kufuta faili ya draiva kwa mkono. Rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows, bado itakuwa inaitafuta, na matokeo yake yanaweza kuwa mashine isiyowaka kabisa.

Ikishabaki antivirusi moja na uzito bado upo, tazama diski. Kwenye Task Manager, kipande cha Performance, bofya Disk. Ukiona asilimia 100 huku kasi ya kusoma ni megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde, hujapata kosa la antivirusi, umepata diski ya HDD. Diski ya kuzunguka lazima isogeze kichwa chake kila inapobadilisha mahali pa kusoma, na kwa faili ndogo zilizotawanyika inaweza kuhudumia maombi mia moja hivi kwa sekunde. SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, huhudumia makumi ya maelfu. Sasa fikiria dakika tano za kwanza baada ya kuwasha: Windows inatafuta masasisho, huduma ya utafutaji inapanga faharasa, programu ya kuhifadhi faili mtandaoni inalinganisha folda, na antivirusi inalazimika kuzipitia kazi zote hizo. Hakuna mpangilio wa antivirusi utakaoiponya HDD kwa mzigo huo. Kwa maoni yangu, mwenye fedha ya kununua kitu kimoja anunue SSD, hata ile ya kawaida ya SATA, kabla hajafikiria leseni ya antivirusi. RAM ya GB 4 nayo ni mtego: injini na alama zake zinaweza kuchukua mamia ya megabaiti, kivinjari kinataka chake, na kinachozidi kinasukumwa kwenye diski, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyokwisha kulemewa.

Hapa ndipo kazi yenyewe inapoanza kuwa tamu. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon, nenda kipande cha Disk, weka tiki kwenye jina la antivirusi. Chini yake zitaonekana faili inazozisoma muda huo huo. Kwa Defender jina la kutafuta ni MsMpEng.exe. Tazama kwa dakika mbili tatu. Njia zikibadilika upesi, kutoka folda moja hadi nyingine kwa mpangilio, hiyo ni skani ya ratiba. Njia ile ile ikijirudia, kuna programu inayoandika humo bila kupumzika, na kila inapoandika, antivirusi inaanza upya. Watuhumiwa hawabadiliki sana: faili kubwa la barua pepe zilizohifadhiwa, diski ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta), akiba ya programu ya kuhariri video, mchezo unaojisasisha, folda ya msimbo wa programu yenye vifaili laki moja, programu ya chelezo inayofungasha kila kitu kuwa zipu.

Kwa wanaotumia Defender kuna kipimo kizuri zaidi, na ajabu ni kwamba wachache wanakijua ingawa kimo ndani ya Windows. Fungua PowerShell kwa ruhusa ya msimamizi:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl

Acha irekodi huku ukifanya kile kinachokusumbua: fungua programu iliyo nzito, nakili folda inayogandisha mashine. Bonyeza Enter kusimamisha, kisha:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10 -TopProcesses 10 -TopExtensions 10

Matokeo yatakuonyesha faili kumi, programu kumi na aina kumi za faili zilizokula muda mwingi wa ukaguzi, pamoja na muda wenyewe. Mara nyingi jina la kwanza linayaacha mengine mbali. Hilo ndilo la kushughulikia. Tisa zilizobaki ziache.

Kulishughulikia kunaweza kuwa rahisi kama kuizuia programu hiyo isianze na Windows, au kuhamisha saa ya chelezo. Ikishindikana, ndipo unapoingia kwenye vighairi, yaani mahali unapoiambia antivirusi isiangalie. Katika Defender viko kwenye Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, chini kabisa Exclusions. Ruhusu njia nyembamba kadiri iwezekanavyo: folda ya diski za mashine pepe, folda ya akiba ya video, folda ya mradi wa msimbo. Usiruhusu Downloads, Desktop, Temp, AppData wala diski C nzima, na usiruhusu aina ya faili kama exe, kwa kuwa hapo ndipo virusi vinapofikia na kuishi. Kuna ushauri umezagaa kwamba MsMpEng.exe yenyewe iwekwe kwenye vighairi ili itulie. Haugusi chanzo: kinachomchosha mkaguzi ni faili za wengine, si zake.

Jambo moja hukanganya hata wazoefu. Ukiweka kighairi cha programu katika Defender, hujaisamehe programu hiyo. Umesamehe faili inazozifungua. Ile exe yenyewe bado inakaguliwa. Kwa hiyo kukiruhusu kivinjari namna hiyo, eti kiwe na kasi, ni kuruhusu kila kinachoingia kupitia kivinjari.

Ukiwa bado kwenye orodha hiyo, isome yote. Virusi vikipata ruhusa ya msimamizi hupenda kujiandikia kighairi. Amri ya Get-MpPreference kwenye PowerShell huonyesha vilivyomo kwenye ExclusionPath na ExclusionProcess. Ukikuta folda usiyoijua, hapo uzito wa mashine una maelezo mengine kabisa.

Skani za ratiba hazihitaji maneno mengi. Ukiwa na ulinzi wa muda wote, skani ya haraka inatosha kwa siku za kawaida, na skani kamili ni ya wakati una shaka. Saa yake hubadilishwa kwenye Task Scheduler, ndani ya Microsoft, Windows, Windows Defender, kazi iitwayo Windows Defender Scheduled Scan. Kiasi cha prosesa hupunguzwa hivi:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kawaida ni 50. Namba hiyo ni wastani, si dari, kwa hiyo usishtuke ukiona imeruka hadi 60 kwa sekunde chache. Tena inahusu skani za ratiba. Skani unayoianzisha mwenyewe kwa kawaida haifungwi nayo, wala ulinzi wa muda wote.

Uzito ukiwa kwenye tovuti peke yake, huku programu nyingine ziko sawa, tafuta kwenye antivirusi yako kipengele cha kukagua HTTPS. Kinafanya kazi kwa kuweka cheti chake kwenye mashine, kufungua mawasiliano yaliyofungwa, kuyasoma, kisha kuyafunga tena. Mbali na ucheleweshaji, huleta makosa ya vyeti ambayo mtu huishia kuilaumu benki au tovuti. Mimi hukizima. Kivinjari cha kisasa kina ulinzi wake, na faili ikishuka kwenye diski antivirusi itaikagua tu.

Kuzimika na skrini ya bluu ni mlango mwingine. Draiva ya antivirusi inakaa ndani ya kiini cha mfumo, na kosa la humo haliangushi programu moja, linaangusha Windows nzima. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la McAfee liliitambua svchost.exe, faili halali ya Windows XP SP3, kuwa virusi, na kompyuta zikaingia kwenye mzunguko wa kujizima na kujiwasha. Januari 2018, masasisho ya Windows dhidi ya Meltdown na Spectre, kasoro za kiusalama za prosesa, yaligongana na antivirusi zilizokuwa zikigusa kumbukumbu ya kiini kwa njia zisizoruhusiwa. Microsoft ikaamua kutoyatoa masasisho hayo mpaka antivirusi iweke alama maalumu kwenye rejista kuthibitisha kwamba inaendana nayo. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, iliangusha mashine zinazokadiriwa na Microsoft kufikia milioni 8.5. Nyingi zilikuwa za ofisini, lakini njia ya kuanguka ni ile ile kwa kompyuta iliyoko sebuleni.

Mashine isiyofika hata kwenye nywila bado ina njia. Iwashe, na mara Windows inapoanza kupakia ishikilie kitufe cha umeme hadi izime. Rudia mara mbili tatu, Windows itafungua yenyewe mazingira ya ukarabati. Pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 kwa Safe Mode au 5 kwa Safe Mode yenye mtandao. Humo antivirusi nyingi za nje haziwaki, na unaweza kuziondoa. Mashine ikiwa na usimbaji wa diski, utaombwa ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Kompyuta nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Uuchukue leo, uuandike kwenye karatasi.

Kama mashine inawaka lakini inaanguka mara kwa mara, andika perfmon /rel. Utapata kalenda ya makosa, na mara nyingi siku ya anguko la kwanza inakaa jirani na sasisho fulani. Kumbukumbu za anguko zenyewe ziko C:\Windows\Minidump, na BlueScreenView ya NirSoft huzifungua bila shida. Tahadhari: draiva inayotajwa si lazima iwe yenye kosa. Draiva ya antivirusi imo kwenye njia ya kila faili, hivyo hukutwa eneo la ajali mara nyingi hata ikiwa mpita njia. Soma maanguko matatu au zaidi. Draiva ile ile na msimbo wa kosa ule ule kila mara, iondoe antivirusi uone. Draiva tofauti na misimbo tofauti kila mara, andika mdsched na upime RAM.

Na iko aina ya anguko ambalo antivirusi husingiziwa tu. Skani kamili inafanyisha kazi prosesa na diski kwa pamoja kwa saa kadhaa, jambo ambalo matumizi ya kawaida ya nyumbani hayalifanyi. Mashine ikizima ghafla katikati ya skani, bila skrini ya bluu, bila faili kwenye Minidump, na Event Viewer, daftari la matukio ya Windows, ikaonyesha Kernel-Power 41 yenye BugcheckCode 0, fikiria joto au umeme kabla ya programu: fungua, toa vumbi kwenye feni na mapezi yake. Skani ikiganda kila mara mahali pale pale, tafuta kwenye Event Viewer, upande wa System, tukio namba 7 kutoka disk, linalotaja kipande kibovu. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, itaonyesha namba za 05 na C5, yaani hesabu ya vipande vibovu na vinavyoshukiwa. Zikiwa juu ya sifuri na zinapanda, nakili faili zako kwanza. Usikimbilie chkdsk /r, amri ya Windows ya kurekebisha diski. Inasoma diski nzima, na diski inayokufa inaweza isiimalize kazi hiyo.

Programu moja ikiacha kufunguka mara baada ya antivirusi kujisasisha, huenda haijaharibika. Fungua karantini uone kama kipande chake kimechukuliwa. Kabla ya kukirudisha, kipeleke VirusTotal, tovuti inayoikagua faili kwa injini nyingi za antivirusi kwa pamoja. Injini moja au mbili zikilalamika kati ya makumi, na faili imetoka kwa mtengenezaji anayejulikana, ni kosa la utambuzi kwa uwezekano mkubwa. Kikiwa ni kipande cha Windows yenyewe, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kwanza, ikimaliza ndipo sfc /scannow, kwa mpangilio huo, maana ya pili inakopa faili kutoka hazina inayorekebishwa na ya kwanza.

Baada ya marekebisho yote haya, hakikisha ulinzi bado upo. Faili ya majaribio ya EICAR, yenye baiti 68, haina madhara, na antivirusi zimekubaliana kuitambua. Ihifadhi Downloads, inapaswa kunyakuliwa papo hapo. Kisha ijaribu ndani ya kila folda uliyoiweka kwenye vighairi. Humo itakaa bila kuguswa, na kama itakaa hivyo pia kwenye folda ambayo hukuikusudia, kighairi chako ni kipana mno: rudi ukipunguze, kisha ufute faili hiyo.